Neno Lililotaka Kuezua Nyumba

Kila siku Khairat aliamka kabla jua halijatoka, akafagia uani, akabeba ndoo zake mbili na kwenda kupanga foleni bombani. Maji ya Majengo, pale Dodoma mjini, yalitoka alfajiri na kukatika saa moja asubuhi, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuja kueleza kwa nini. Basi watoto walipanga ndoo zao mstari mmoja, wakakaa juu ya mawe na kusubiri. Wengine walicheza mdako. Khairat alisoma.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na alisoma kila kilichoandikwa: magunia ya mtama, kanga za wanawake, karatasi za kufungia karanga. Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara imeshafunguliwa, na maduka ya Majengo yamejaa sabuni na redio za kutoka nje. Kila kitu kilikuja na Kiingereza chake mgongoni, na Khairat alitaka kujua chote kinasema nini.

"Bibi, hii hapa kwenye betri maana yake nini?"

"Maana yake ukichelewa shule utachapwa," alijibu Bibi Mgeni, bila kuinua macho kwenye ungo wake wa uwele.

Khairat aliishi na bibi yake huyo na baba yake, Harithi, fundi baiskeli. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Alilazwa siku nne, na siku zote nne Harithi aliambiwa akanunue dawa nje, maana za ndani zimekwisha. Tangu hapo Harithi hakuwa mtu wa maneno mengi, hasa mbele ya watu wenye mafaili.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya matofali ya udongo, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uwanja nyuma. Ilijengwa na baba mkwe wa Bibi Mgeni, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya biashara. Mabati yake yalikuwa na kutu, lakini hayakuvuja. Bibi Mgeni aliipenda mno. "Jina langu Mgeni," alizoea kusema, "lakini hapa niulizeni habari za kila tofali."

Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, walikuja watu watatu wa ofisi ya mji. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeangusha nyumba kadhaa, sasa wametumwa kukagua zilizobaki. Wawili walivaa kofia ngumu. Wa tatu, kijana mwembamba aitwaye Erick, aliandika. Waligonga kuta, wakapima nyufa kwa rula, wakaondoka bila kusema neno. Wiki moja baadaye, siku ya Jumanne, akaja tarishi na baiskeli, akagawa karatasi huku mguu mmoja uko chini na mmoja kwenye pedali.

"Asaini mwenye nyumba. Jumatatu tunakuja kuzichukua!" alisema, na huyoo, akaenda.

Karatasi ilikuwa na namba ya nyumba, mhuri, na chini yake neno moja limeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa: INHABITABLE.

Harithi aliigeuza upande huu na ule. Yeye aliishia darasa la nne. Akamwita binti yake.

"Khairat, wewe ndiye msomi humu. Neno hili linasema nini?"

Khairat alilitazama. Hakuwahi kuliona. Lakini "habitable" alilijua. Lilikuwemo kwenye kitabu chao cha Kiingereza, kwenye habari ya jangwa, na maana yake ni mahali panapokalika. Tena wiki ileile Mwalimu Generosa alikuwa amewafundisha kwamba ukiweka "in" mbele ya neno, unaligeuza. "Correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. "Complete" ni kamili, "incomplete" si kamili. Khairat akahisi furaha ya mtu aliyefumbua fumbo.

"Linasema haikaliki, baba. Nyumba haifai kukaliwa na watu."

Bibi Mgeni akaacha kupepeta. Harithi akamsogelea.

"Una uhakika?"

Ndani yake Khairat alijua kwamba hakuwa na uhakika; alikuwa ameunga tu, kama mtu anayeunga kamba mbili. Lakini baba alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku nyingi, kwa heshima hasa.

"Ndiyo, baba. Tumefundishwa."

Mara akaingia jirani yao, Bibi Joha, muuza vitumbua, mjane aliyeishi peke yake nyumba ya pili. Mkononi ana karatasi yake.

"Msomi, na mimi nisomee. Nimekusikia kutoka kule."

Karatasi ya Bibi Joha iliandikwa UNINHABITABLE. Khairat aliona neno limerefuka. Kuna "in", na mbele yake kuna "un", nayo pia inageuza: "happy" ni mwenye furaha, "unhappy" hana furaha. Sasa hapa zimekuja mbili! Akafikiri, akakumbuka somo la hesabu: hasi kuzidisha hasi ni chanya. Macho yakamng'aa.

"Bibi Joha, yako ni nzuri! Hii ni si, na hii ni si. Zinafutana. Nyumba yako inakalika."

Bibi Joha akapiga kigelegele hapo hapo. "Mgeni, umesikia? Ulikuwa ukinicheka kila siku, Joha nyumba yako inaangalia chini kama ng'ombe anayekunywa maji. Leo ofisi imenena!"

"Ofisi ina macho ya nyuma," alisema Bibi Mgeni, lakini sauti yake haikuwa na utani.

Jambo lililomtia hofu Harithi ni lile lililotokea mtaa wa jirani mwaka uliopita. Nyumba zilizokataliwa zilibomolewa na tingatinga, na mabati, milango, madirisha, vyote vikasagwa pamoja na udongo. Wenye nyumba walilalamika ofisini; waliambiwa wangetoa vitu vyao mapema. Sasa mapema ndiyo lini? Hakuna aliyejibu. Kwa hiyo Harithi aliamua kutosubiri.

"Ijumaa baada ya sala nitaezua mabati mimi mwenyewe," alisema. "Nimemwambia mdogo wangu Yahaya aje na koleo na nyundo. Angalau tupate cha kujengea kibanda."

"Na mvua?" aliuliza Bibi Mgeni. "Udongo ukinyeshewa bila paa, siku tatu tu umekuwa matope."

"Mama, wao wanabomoa kwa saa moja. Mvua ina huruma kuliko wao."

Jioni ile Bibi Mgeni hakula. Alipita ukumbini akigusa kuta kwa kiganja, chumba kimoja baada ya kingine, na Khairat alimwona.

Hapo ndipo udadisi ulipoanza kumwasha Khairat, na ulimwasha vibaya. Aliitazama nyumba yao. Ilisimama wima. Nyufa zake zilikuwa nyembamba kama uzi. Kisha akaenda nyuma kwa Bibi Joha, kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Ufa wa pale ulianzia chini ukapanda hadi kwenye paa. Akatia vidole, vikaingia. Akatia mkono, ukaingia hadi kwenye kifundo. Upande wa pili aliugusa mto wa kitanda.

Alitoa mkono haraka. Wale watu walikuwa na rula. Ilikuwaje waone nyufa za kwetu, wasione huu?

Alhamisi darasani alijaribu kumuuliza jirani yake wa dawati, Debora, ambaye baba yake alifanya kazi wizarani.

"Debora, 'inhabitable' ni nini?"

"Si wewe ndiye umewasomea watu mtaa mzima?" alijibu Debora akicheka. "Mama yangu amesikia habari zako sokoni kwenye nyanya. Wanakuita mkalimani."

Khairat alifungua daftari lake. Ni vigumu mkalimani kuuliza.

Ijumaa saa nne, wakati wa mapumziko, alishindwa kuvumilia. Alikwenda ofisini kwa walimu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kuangalia kamusi ya Kiingereza."

"Marahaba. Kamusi?" Mwalimu Generosa alifungua kabati. "Tunayo nusu, mwanangu. Inaanzia herufi M. Nusu ya kwanza usiniulize. Nadhani imeshafungiwa maandazi sokoni."

Shule nzima ilikuwa na watoto mia nane na kamusi nusu. Na bado watu wa ofisini walipenda kuandika kwa Kiingereza.

Khairat alitaka kulia. Neno lake lilikuwa na herufi I. Alifungua kurasa bila kujua anatafuta nini, ndipo akakumbuka: neno la Bibi Joha lilianza na U. Vidole vyake vikaanza kukimbia. Un. Uni. Akalipata, dogo, chini ya ukurasa. Pembeni yake maelezo mafupi ya Kiingereza, ambayo aliyaelewa yote: "not fit to live in."

Haifai kukaliwa.

Aliyasoma mara tatu.

"Mwalimu," alisema, "kama 'uninhabitable' ni haikaliki, basi 'inhabitable' ni..."

"Inakalika. Kwani wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ile 'in' inageuza. Kama 'incorrect'."

Mwalimu Generosa alivuta kiti, akamketisha. "Sikiliza. Kuna kitenzi 'inhabit', maana yake kukaa mahali, kuishi. Ile 'in' ni mwili wa neno lenyewe, si kikanushi. Kwa hiyo 'habitable' na 'inhabitable' ni ndugu, zote zinasema panakalika. 'Habitable' hutumika zaidi kwa nyumba iliyo katika hali nzuri. 'Inhabitable' zaidi kwa nchi au eneo ambalo watu wanaweza kuishi. Ukitaka kukanusha ndipo unaweka 'un'. Wengi hukosea hapo, hata wakubwa. Lakini mbona unauliza?"

"Mwalimu, baba anaezua nyumba leo. Na Bibi Joha analala chini ya ukuta uliopasuka!"

Mwalimu hakuuliza zaidi. Alichukua kamusi ile nusu, akaitia kwapani, akamwomba mwenzake amshikie darasa lake kwa kipindi kilichobaki cha siku. Lakini kabla ya kuruhusiwa kutoka ilibidi wamsubiri mwalimu mkuu, naye alikuwa kwenye kikao na wakubwa wake. Walipotoka shuleni saa saba ilikuwa imeshapita, na watu walikuwa wameshatoka msikitini.

Khairat alikimbia. Mbali, upande wa mashariki, mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, ya kwanza mwaka ule. Alipokata kona ya mtaa wao alisikia misumari ikilia. Mabati matatu yalikuwa tayari chini, yameegemezwa ukutani. Juu ya paa alikuwepo baba yake, na baba yake mdogo Yahaya akishikilia bati la nne.

"Baba! Shukeni! Msitoe jingine!"

"Ondoka hapo chini, utaangukiwa!" alijibu Harithi.

"Baba, nyumba yetu ni nzima! Neno linasema inakalika!"

Nyundo ikasimama. Majirani waliokuja kusaidia wakageuka. Bibi Mgeni alikuwa amekaa barazani juu ya godoro lililofungwa kamba, na wote walikuwa wakimtazama Khairat.

"Jumanne ulisema haikaliki," alisema Harithi taratibu. "Nikakuuliza una uhakika."

Khairat angeweza kusema mwalimu alimfundisha vibaya. Angeweza kusema herufi hazikusomeka. Maneno hayo yote yalikuja hadi kwenye ulimi.

"Sikuwa na uhakika, baba. Nilikisia. Nikaona aibu kusema sijui."

Yahaya akacheka kwa uchungu kule juu. "Mkalimani! Umetupandisha juani na mabati yanaunguza makalio, kumbe unabahatisha?"

"Nyamaza, Yahaya," alisema Harithi. Alimtazama mwanawe. Kisha akatazama mawingu. "Nipe bati hilo tulirudishe. Na yale matatu. Upesi!"

Mwalimu Generosa naye alikuwa amefika, anahema. Lakini Khairat alikuwa ameshaingia kwa Bibi Joha, ambaye alikuwa jikoni akiloweka mchele wa vitumbua.

"Bibi, hama leo. Tafadhali. Nilikusomea kinyume. Yako ndiyo haikaliki."

"Ala!" Bibi Joha aliweka mikono kiunoni. "Jumanne nzuri, leo mbovu? Nyumba imeugua lini? Au Mgeni amekutuma, kanionea wivu?"

"Sikutumwa na mtu, bibi. Kosa ni langu."

"Basi likae na wewe. Mimi nimeshapiga kigelegele, siwezi kukirudisha kinywani."

Mwalimu Generosa alisimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye mwalimu wake. Anasema kweli, iko humu kitabuni."

"Marahaba. Mwanangu, mimi hicho kitabu sikijui."

Khairat alifikiri. Kitabu hakiwezi kumwonyesha Bibi Joha kitu. Akatoka mbio, akazunguka nyuma ya nyumba, akatia mkono kwenye ufa, safari hii hadi kwenye kiwiko.

"Bibi! Njoo chumbani kwako utazame kitanda!"

Bibi Joha alikwenda chumbani huku akinung'unika. Pale juu ya mto wake, mahali anapolaza kichwa kila siku, aliona vidole vitano vinampungia kutoka ukutani.

"Yarabi," alisema. "Nimekuwa nikilala na barabara!"

Hakubisha tena. Walihamisha kitanda, sanduku na kikaango cha vitumbua hadi nyumba ya Bibi Mgeni, Yahaya akibeba huku bado analalamika. Bati la mwisho liligongwa msumari matone makubwa yakiwa yameanza kuanguka.

Mvua ilinyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi. Jumapili mchana, watu wakiwa wanakula, mtaa ulisikia kishindo kizito. Ukuta wa nyuma wa Bibi Joha ulikuwa umelala chini, na udongo umejaza chumba alichokuwa akilala hadi kimo cha dirisha.

Jumatatu Erick wa ofisi ya mji alikuja kuchukua karatasi, viatu vyake vimejaa tope. Harithi alimpeleka kwanza akaone ule ukuta. Kijana yule alisimama, akavua kofia.

"Ulijua nyumba hii ni mbovu," alisema Harithi. "Uliandika. Kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

"Fomu ndizo hizo, kaka. Zimeletwa na wafadhili wa mradi."

"Wafadhili ndio watakaokaa humu?" aliuliza Bibi Mgeni. "Kijana, una mama?"

"Ninaye, mama."

"Anajua Kiingereza?"

Erick aliangalia chini. "Hajui."

"Mimi sisaini kitu kisichosema na mimi. Andika hapo chini, kwa lugha aliyokulea nayo mama yako."

Erick alitoa kalamu. Aliiweka karatasi juu ya faili, akaandika pole pole. Kisha akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba hata yeye alipoanza kazi aliwahi kulichanganya neno lile, akaogopa kumuuliza mkubwa wake. Akasaini, Bibi Mgeni naye akaweka dole gumba. Akabakishiwa nakala.

Erick alipoondoka, Harithi alimwita Khairat barazani. Tangu Ijumaa hakuwa amezungumza naye zaidi ya salamu.

"Kaa hapa," alisema. "Wenye ofisi wana kosa lao. Wanatuandikia tusichokijua, halafu tukiumia wanasema hatukusoma. Hilo nimemwambia yule kijana, na nitakwenda kuwaambia wakubwa wake, japo sidhani kama watanipa hata kiti. Lakini wao siwalei mimi. Ninayemlea ni wewe."

"Ndiyo, baba."

"Kutojua neno si aibu. Mimi sijui mengi, na naishi. Kosa ni kujivika ujuzi usiokuwa nao, maana watu wanakuamini. Mimi nilipanda juu ya paa kwa neno lako. Joha alilala chini ya ukuta kwa neno lako. Ukikisia, sema nimekisia. Usipojua, sema sijui, kisha utafute mpaka upate. Na siku ile uliposimama mbele ya watu ukasema ukweli, na baba yako mdogo na majirani wote wanakutazama, hapo nilikuona ni msomi kweli. Jumanne ulikuwa bado."

Khairat alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Wakati huo Bibi Joha alitokea ukumbini na bunda lake la nguo kichwani. Alisema anakwenda kwa mwanawe, kule mtaa wa Kizota. Asingependa kuwajazia watu nyumba.

"Weka hilo bunda chini," alisema Bibi Mgeni. Akampa Khairat karatasi. "Msomee. Soma pale alipoandika yule kijana."

Khairat alisoma kwa sauti, neno moja moja. "Nyumba hii inafaa kukaliwa na watu."

"Watu," alisema Bibi Mgeni. "Umesikia, Joha? Haikuandikwa watu gani. Chumba cha mwisho kulia ni kitupu, na mimi kesho nataka vitumbua."